Vidole Viwili vya Baba Mdogo

Busan, 12 Machi 1998

Kwa Sunye, binti wa marehemu kaka yangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima. Mama yako mdogo goti linamsumbua tangu baridi ianze, lakini kimchi ya mwaka huu kaitengeneza mwenyewe, kabichi sitini za chumvi na pilipili, na aliyetaka kumsaidia alifukuzwa jikoni. Mwanetu Giho amemaliza chuo kikuu mwezi uliopita. Kazi bado. Nchi nzima watu wanaachishwa kazi, naye analala mpaka saa sita mchana, tunapita mlangoni kwake kwa kunyata utadhani kuna mgonjwa. Ibada ya kumbukumbu ya baba yako itakuwa mwezi ujao kama kila mwaka. Nitaifanya mimi. Sikutegemei uje, hujaja miaka mingi.

Nasikia unafundisha kompyuta huko Seoul, na kwamba unafahamu ile mikato ya vidole, mtu anabonyeza vibonye viwili kwa pamoja na kazi inafanyika bila kushika kipanya. Basi niandikie. Si kwa ajili yangu. Yupo mwenzangu mmoja hapa ofisini, mkuu wa idara, mtu wa makamo, hizi mashine zimemkuta ukubwani. Mkurugenzi mpya, kijana wa miaka thelathini na nne anayeitwa Pyo, amesema wakuu wote wa idara watafanya mtihani wa kompyuta. Huyo mwenzangu namwonea huruma.

Usiniulize kwa nini asimwombe msaada mpiga chapa wake. Mkuu wa idara ainame juu ya meza ya Binti Cheon, msichana wa miaka ishirini na mbili, aseme "hebu nionyeshe"? Kesho yake kiwanda kizima kitakuwa kinacheka.

Barua usilete nyumbani, wala ofisini. Andika kwa anwani ya kinyozi Bwana Namgung, mkabala na geti la kiwanda chetu cha viatu. Mama yako mdogo hapendi mambo ya kazi yaingie ndani.

Jibu upesi.

Baba yako mdogo,
Tak Pyongho


Seoul, 2 Aprili 1998

Kwa Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mno kupata barua yako, ni ya kwanza tangu nilipotoka kwenu. Natumaini u mzima. Mimi sijambo, nina chumba changu juu ya duka la nguo na dirisha linaloangalia ukuta. Mama mdogo mpe pole ya goti. Namletea kopo la mafuta ya mikono, ajipake kabla ya kulala. Tafadhali umkabidhi mwenyewe, usimpe Giho. Mama mdogo sitamsahau. Siku ile naondoka ndiye pekee aliyekumbuka kwamba safari ni ndefu, akanifungia mayai manne ya kuchemsha, yakiwa bado ya moto.

Huyo mwenzako namwonea huruma mimi pia. Wapo wengi hapa darasani. Wanakuja na suti zao, wamekaa miaka ishirini wakiita "Binti fulani, nipigie hii," na sasa wanatoka jasho mbele ya kibodi. Wanaandika kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa. Wengine wamekuzidi umri, Baba mdogo. Wote wananiita Mwalimu.

Mwambie mwenzako aanzie hapa. Kama anaandika na zinatoka herufi za Kiingereza, mashine haijaharibika, asiipige. Kulia kwa kile kibonye kirefu pana kibonye cha kubadilisha lugha, abonyeze mara moja, herufi zetu zitarudi. Kisha kuna kibonye cha pembeni chini, kimeandikwa Ctrl. Hicho ndicho mama wa mikato yote. Anakishikilia kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na bila kukiachia anagusa C: maneno aliyoyachagua yamenakiliwa. X: yamekatwa. V: yamebandikwa anapotaka. Akizoea hayo matatu, kazi ya saa nzima itakuwa ya robo saa.

Kidole cha mwisho kitamuuma mwanzoni. Changu hakikuuma. Kilishazoea kushikilia soli za viatu wakati gundi inakauka.

Binti yako,
Sunye


Busan, 20 Aprili 1998

Sunye,

Marahaba. Barua imefika na mafuta nimemkabidhi. Ameyanusa, akayaweka kabatini, hataki kuyagusa, anasema ni ya watu wa Seoul. Ibada ya baba yako imekwenda salama. Nilimwaga pombe ya mchele mara tatu na nikamwambia kwamba binti yake hajambo.

Sasa wewe mtoto, mambo ya kuku yanatoka wapi? Nimekuomba mikato, sikukuomba matusi. Na hilo la kuitwa Mwalimu, wakuite wanaokulipa ada. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mwaka wa mafuriko. Usitegemee neno hilo litoke kinywani mwangu.

C, X na V nimezielewa, yaani mwenzangu amezielewa. Amechukua kifuniko cha boksi la viatu akachora kibodi nzima kwa kalamu, kibonye kwa kibonye, na anafanya mazoezi kwa Bwana Namgung akisubiri kunyolewa. Bwana Namgung anadhani ni mchezo wa bao. Kidole kinamuuma kweli.

Mambo yamezidi kuwa mabaya. Jumatatu tumefika kazini, tukashika vipanya, havisogei. Mkurugenzi Pyo alikuwa amezunguka asubuhi na mapema akavifungua vyote kwa chini, akatoa ile mipira midogo ya ndani, akaijaza kwenye bakuli la wali mezani kwake. Anasema Marekani alikosomea mtu anayeshika kipanya anaonekana mzembe. Vijana wamecheka, wakaendelea na kazi kwa vibonye bila shida. Sisi wakuu watano tumekaa tunatazama skrini mpaka saa ya chakula. Nilijifanya nasoma faili.

Kwa hiyo leta mikato mingine, na usilete miwili mitatu, leta yote. Mtihani ni tarehe 30 Juni.

Baba yako mdogo


Seoul, 25 Mei 1998

Kwa Baba mdogo,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kuchelewa zaidi ya mwezi. Sikuwa mgonjwa na sikusafiri. Nilikuwa naiona barua yako kila siku mezani.

Hapa kuna mvua. Mwanafunzi wangu mmoja, mzee aliyekuwa meneja wa benki, amelia darasani kwa sababu alishindwa kupanga jedwali. Nilimpa leso na kumwambia aanze upya. Nimemnunulia Mama mdogo kopo la pili. Mwambie mafuta ni ya mikono, si ya kabati.

Nimecheka sana juu ya ile mipira ndani ya bakuli. Nilicheka mpaka mwenye duka la nguo akagonga dari.

Mikato ni hii. Ctrl na S: kazi imehifadhiwa. Hii ifanyike kila baada ya mistari miwili, bila kufikiri, mkono uifanye wenyewe kama mtu anavyofunga mlango. Ctrl na A: karatasi nzima inachaguliwa kwa mpigo, itaonekana nyeusi, asiogope. Ikiwa nyeusi hivyo anaweza kukuza herufi zote kwa pamoja, atashikilia Ctrl na kubonyeza mabano ya mraba. Wakurugenzi wanapenda sana hiyo, inaonekana kama uchawi.

Baba mdogo, tuache mchezo. Hakuna mwenzako. Nilijua tangu mstari wa kwanza, na nimesubiri useme mwenyewe. Sasa na mimi nina ombi langu, moja tu, halafu nitakuletea mengine.

Mwaka 1986 nilikuwa wa tatu katika darasa la watoto sitini. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Siku moja narudi, nikakuta fomu ya kuacha shule juu ya meza ya chakula, imepigwa muhuri wako, na wiki iliyofuata niko kwenye kiwanda chako, meza ya gundi, napaka soli. Giho, aliyekuwa wa arobaini na moja, akabaki shule. Nilipiga magoti mlangoni nikakuuliza kama haiwezi kurudishwa. Ulivaa viatu vyako ukasema, "Kilichopigwa muhuri hakirudi." Ukaenda kazini.

Kwa nini? Niandikie sababu, kwa mkono wako.

Sunye


Busan, 3 Juni 1998

Sunye,

Huku hatujambo. Mama yako mdogo amefungua kopo moja hatimaye, mikono inanukia maua. Giho amepeleka maombi ya kazi sehemu thelathini, hakuna aliyejibu.

Sawa. Ni mimi. Umefurahi? Nina miaka hamsini na miwili, nimeingia kampuni hii nikiwa mbeba maboksi, na nimekuwa mkuu wa idara kwa miaka kumi na minne. Sasa kuna orodha. Katika wakuu watano wawili watatoka, na majina yataamuliwa na mtihani. Nikitoka hapa hakuna mahali popote nchini mwaka huu patakaponichukua, unajua wewe, najua mimi. Goti la Mama yako mdogo, Giho kitandani, nyumba nzima imesimama juu ya kiti kimoja cha ofisi. Nimekwambia yote. Sijamwambia mtu mwingine.

Kuhusu mwaka 1986. Muhuri ulikuwa wangu. Jina lililo juu yake ni langu. Unataka nini tena? Mtu mzima hajielezi kwa mtoto. Usiniulize tena jambo hili, na kamwe usije ukamuuliza Mama yako mdogo.

Sasa naomba, naandika neno hili na unajua si kawaida yangu, naomba uniambie kama kuna kingine ninachopaswa kujua. Najua kunakili, kukata, kubandika, kuhifadhi, kuchagua yote, kukuza. Nafanya mazoezi mara mbili kwa siku. Bwana Namgung sasa ananihoji kwa sauti, anasema "hifadhi!" nami nabonyeza kwenye kifuniko. Vidole bado ni viwili lakini vina kasi. Kuna kilichobaki?

Pyongho


Seoul, 15 Juni 1998

Kwa Baba mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima. Hapa joto limeanza. Mama mdogo msalimie, kopo la tatu lipo ndani ya kifurushi.

Nimesoma jibu lako kuhusu muhuri. Nimelielewa.

Kuhusu mikato: hakuna kilichobaki. Hiyo sita inakutosha kabisa kwa mtihani wa mkuu wa idara. Ukijazia mingine utachanganyikiwa. Mtu akikuletea mkato ambao sikukufundisha mimi, uache.

Kila la heri tarehe 30.

Sunye


Busan, 8 Julai 1998

Sunye,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mvua kubwa za majira ya joto zimeanza. Mama yako mdogo anapaka mafuta yako kila siku sasa, kopo analiweka karibu na redio. Naandika nikiwa kwa Bwana Namgung. Yeye hajaniuliza kitu, amenipa chai ya shayiri na kuzima televisheni.

Nikueleze mtihani ulivyokuwa, maana wewe ndiye uliyenifundisha.

Asubuhi ya siku ile nilikuta kikaratasi kimebandikwa ukingoni mwa kibodi yangu. Kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: Ctrl na Z. Mwandiko wa Binti Cheon. Alikuwa amesimama karibu na kabati la mafaili anajifanya anatafuta kitu. Nikamwuliza, "Hiki nini?" Akasema, "Samahani Mkuu, nilidhani huenda kikakusaidia." Nikakibandua mbele yake, nikakikunja, nikakitia kwenye kisahani cha sigara. Nikamwambia, "Binti, mimi nina mwalimu wangu Seoul. Kama kingekuwa na maana angeniandikia." Akainama, akaondoka. Masikio yalikuwa mekundu.

Tulikaa wakuu watano kwenye meza tano, vijana wote wamesimama nyuma yetu, Mkurugenzi Pyo na saa mkononi na lile bakuli la mipira mbele yake. Dakika ishirini, ripoti ya ukurasa mmoja. Sunye, niliandika vizuri. Nilinakili jedwali, nikalibandika. Nilihifadhi kila mistari miwili, mkono wenyewe, kama ulivyosema. Dakika ya kumi na saba nilikuwa nimemaliza, na Mkuu Bok wa jirani hajafika hata nusu. Nilisikia kijana mmoja nyuma anasema, "Ala! Kumbe mzee yumo."

Mkurugenzi akasema, kuzeni herufi za karatasi nzima. Nikafurahi, maana hiyo nilikuwa nayo. Ctrl na A, karatasi ikawa nyeusi yote. Halafu sijui. Kidole kimoja kiliachia Ctrl mapema, kingine kikagusa herufi badala ya mabano. Karatasi ikawa nyeupe. Kila kitu kimekwenda, imebaki herufi moja tu juu kushoto. Na mkono wangu, kwa mazoea uliyonipa, ukahifadhi.

Vijana wote walivuta pumzi kwa pamoja. Nikageuka. Nyuso zao zilikuwa za watu wanaojua kitu. Binti Cheon alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Lakini nani atamsahihisha mkuu wake mbele ya mkurugenzi? Mkurugenzi Pyo akatazama saa, akasema, "Endelea tu, Mkuu Tak. Bado dakika tatu." Alikuwa anangoja nifanye jambo. Wote walikuwa wanangoja. Nilikaa dakika tatu na mikono magotini.

Tarehe 3 walinipa boksi la kuwekea vitu vyangu. Lilikuwa boksi letu wenyewe, la viatu vya mvua.

Nyumbani sijasema. Kila asubuhi navaa suti na tai, Mama yako mdogo ananipa chakula changu cha mchana, natoka saa moja na nusu, napanda mlima Hwangnyeong. Tuko wengi huko juu, wanaume wa suti, tunakaa kwenye mawe mbalimbali, hatusalimiani. Saa kumi na mbili narudi. Asijue. Moyo wake umeegemea kazi hii kuliko wangu.

Nina swali moja tu. Ctrl na Z ni nini? Naona aibu kumwuliza Binti Cheon sasa. Naamini hukukiandika kwa kuwa hakina maana. Niambie tu hivyo nipumzike.

Baba yako mdogo


Seoul, 30 Agosti 1998

Kwa Baba mdogo,

Shikamoo. Barua hii nimeituma nyumbani, na juu ya bahasha nimeandika jina la Mama mdogo. Nisamehe Mama mdogo, unasoma mambo ambayo ungepaswa kuambiwa na mumeo. Lakini umeishi naye miaka yote hii na unastahili kujua ni mtu wa aina gani. Hana kazi tangu tarehe 3 Julai. Suti unayompigia pasi inakwenda kukaa juu ya jiwe mlimani.

Baba mdogo, umeuliza. Ctrl na Z inarudisha kilichofutika. Ukikosea, unabonyeza, kosa linaondoka kana kwamba halikutokea. Ukibonyeza tena, unarudi hatua nyingine nyuma. Hata kama umeshahifadhi, mradi hujaifunga kazi, inarudi. Karatasi yako nzima ingerudi, na jedwali lake, na ungebaki na dakika mbili na nusu za kukuza herufi. Ndiyo maana walikuwa wanangoja. Walidhani kila mtu anakijua.

Nakifundisha siku ya kwanza. Kabla ya kunakili, kabla ya kuhifadhi, kabla hata sijawaonyesha jinsi ya kuzima mashine. Nawaambia wanafunzi wangu, msiogope kitu chochote humu, kwa sababu hiki kipo. Wewe tu ndiye sikukufundisha, kati ya watu mia tatu. Nilikiandika katika barua yangu ya kwanza, kwa taarifa yako. Kisha nikachana karatasi na kuandika nyingine.

Nilikupa nafasi mwezi wa tano. Nilikuuliza sababu. Ungeandika mistari miwili, hata ya uongo, ningekutumia kwa telegramu. Ukaniandikia kwamba mtu mzima hajielezi kwa mtoto.

Nilipiga magoti mlangoni, Baba mdogo, ukafunga kamba za viatu. Nilipaka gundi miaka mitano na kichwa kikauma kila siku ya hiyo miaka mitano. Sasa na wewe umejua ilivyo kukaa mbele ya kitu kilichofutika na watu wanakutazama. Sijuti. Nilifikiri nitajuta na nimesubiri wiki saba nione, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Hakuna kitu.

Mama mdogo, wewe sina neno nawe. Wewe ulinifungia mayai. Ukitaka kuja Seoul, nina chumba.

Tak Sunye


Busan, 14 Septemba 1998

Kwa Sunye,

Sijambo. Goti ni lile lile. Mimi si mwandishi wa barua, kwa hiyo utanivumilia.

Barua ilikuja na jina langu nikaifungua. Nilimsomea Baba yako mdogo kwa sauti, yote, tukiwa tunakula, kwa sababu naye ametajwa na ni haki yake. Giho nilimwambia atoke nje kwanza.

Kuhusu mlima, nilijua tangu juma la kwanza. Mume wangu amefanya kazi ya viatu miaka thelathini, na vyake mimi ndiye ninayevisafisha. Sakafu ya ofisi haina tope jekundu. Nikakaa kimya nikamfungia chakula, nikamwongezea yai, mtu anayepanda mlima anasikia njaa. Tulikuwa tunaendelea vizuri hivyo.

Sasa lile jingine. Amenikataza kukuandikia hilo, nami nakuandikia.

Muhuri wa mwaka 1986 niliupiga mimi. Fomu niliileta mimi kutoka shuleni kwenu. Alikaa nayo siku tatu hakuigusa, alisema mtoto wa kaka yake atasoma hata kama Giho ataacha. Siku ya nne alikwenda Daegu kwa kazi ya kampuni, amelala huko. Nikafungua mtoto wa meza, nikachukua muhuri, nikapiga. Shule ilikuwa inawezekana kwa mmoja tu, na Giho nilimzaa mimi. Wewe sikukuzaa. Hiyo ndiyo sababu uliyokuwa unaitafuta, haina kingine ndani yake.

Aliporudi alipiga ukuta ngumi mpaka mkono ukavimba. Shuleni walishaipokea. Kisha akaniambia, "Mtoto huyu hana mama duniani. Akijua ni wewe, humu ndani hatakuwa na mtu. Basi anichukie mimi, mimi nashinda kazini." Asubuhi ulipompigia magoti alivaa viatu upesi kwa kuwa alikuwa anakaribia kulia. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Meza ya gundi alikuwekea yeye ile iliyo karibu na dirisha. Hukuwahi kuliona hilo, najua.

Mayai sikuyafunga kwa huruma. Nilitaka kukupa kitu ukitazame ili usinitazame mimi. Umeyakumbuka miaka yote hiyo, na kila ulipotuma kopo la mafuta mume wangu alinikabidhi bila kusema neno. Nakurudishia makopo matatu. Moja nimelitumia nusu, nimelifunga hivyo hivyo lilivyo.

Sikukuu ya mavuno usije. Sijuti mimi pia, kwa hiyo tutakaa mezani tunafanya nini? Kumbukumbu ya baba yako ataendelea kuifanya, hilo hajalibadilisha.

Nilimaliza kusoma barua yako. Alikula wali wake ukaisha, akanywa maji. Akaenda kuchukua kile kifuniko cha boksi chenye kibodi aliyoichora, akakiweka mezani, akavaa miwani. Akatafuta Ctrl kwa kidole kimoja na Z kwa kingine. Akabonyeza. Akangoja kidogo, akabonyeza tena. Nikamwuliza, nikimwandikia nimwambie nini kutoka kwako? Hakuinua kichwa.

Akasema, "Mwambie Mwalimu somo limefika."

Bang Oksun